Unene unavyopandisha presha

Morogoro mjini, mama akinenepa baada ya kujifungua husifiwa kwamba amenawiri, ndoa imemkubali. Akipungua huulizwa kama anaumwa. Tuwe wakweli: sifa hizo zinatufanya tuchelewe kupima presha.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mwaka 2010 walikuwa 22. Mijini walikuwa 42, vijijini 21. Tofauti hiyo haishangazi. Mboga za Mgeta zinashuka kutoka Uluguru kila siku, lakini mjini jioni foleni iko kwenye chipsi, na safari ya dakika kumi tunapanda bodaboda.

Wengi tumeambiwa mafuta huziba mishipa, basi presha ikapanda. Hiyo ni sehemu tu ya habari. Mafuta ya mwilini hayakai bure kama mzigo; yanatengeneza homoni. Mojawapo ni leptini, iliyotambuliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, njaa ipungue. Mafuta yakizidi, leptini nayo huzidi, na ubongo huacha kuisikiliza kuhusu njaa. Lakini mishipa ya fahamu, ileile inayofanya moyo udunde ukikutana na nyoka shambani, huendelea kuitikia. Kwa hiyo mama bado anasikia njaa, huku mwili wake uko kwenye tahadhari usiku na mchana. (Anayemlaumu kwa ulafi angejua hili kwanza.)

Tahadhari hiyo hufika kwenye figo, nazo hushikilia chumvi. Chumvi huvuta maji, damu huongezeka ujazo, presha hupanda. Mafuta hayohayo hutoa malighafi ya angiotensini, homoni inayobana mishipa ya damu na kuziamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa aldosteroni. Aldosteroni nayo huziambia figo zishike chumvi zaidi. Ndiyo maana chumvi ya kunyunyizia mezani humwumiza zaidi mwenye kitambi, na ndiyo maana kupunguza hata kilo chache hushusha presha kabla mwili haujawa mwembamba.

Presha mara nyingi haina dalili. Omba kupimwa kila unapompeleka mtoto kliniki. Ikisoma 140/90 au zaidi, rudi ipimwe tena siku nyingine.

Mjamzito asijipunguze uzito mwenyewe. Ahudhurie kliniki mapema, kwa sababu unene huongeza hatari ya kifafa cha mimba. Na kama unatumia dawa za presha na unataka kubeba mimba, mwambie daktari kabla: baadhi ya dawa zinazozuia angiotensini, kama kaptopri, humdhuru mtoto tumboni, na zipo nyingine za kubadilishiwa. Usiache dawa kimyakimya.