Namba ya figo ivuke mpaka pamoja na mwenyewe

Mfanyabiashara mdogo anayevuka Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo na mahindi au dagaa wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani anajua karatasi ya kubeba. Kwa cheti rahisi cha uasili, bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hupita bila ushuru wa forodha. Lakini kama anaishi na VVU na anatumia ARV, majibu ya vipimo vyake hubaki ndani ya faili kwenye kliniki ya nyumbani. Akiugua upande wa pili, daktari anaanza sifuri.

Kwa figo, kuanza sifuri ni hatari. Kidonge kimoja cha kila siku wanachotumia wengi katika ukanda huu kina dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kimewarudisha watu wengi sokoni wakiwa na nguvu zao. Hata hivyo, tenofoviri hutoka mwilini kupitia figo, na kwa watu wachache huziumiza, hasa wenye umri mkubwa, shinikizo la damu au kisukari. Kuacha dawa kwa hofu hiyo ni kuruka majivu na kukanyaga moto, maana VVU visivyodhibitiwa navyo huharibu figo.

Kuna jambo linalowagusa wafanyabiashara kuliko wengine. Mgongo unauma kwa kubeba magunia, basi linasafiri usiku kucha, na akina mama wengi hawanywi maji njiani kwa sababu choo hakipatikani. Asubuhi wananunua diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa, wanameza na kuendelea na kazi. Dawa za aina hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Zikikutana na tenofoviri katika mwili uliokauka maji, figo zinaweza kushindwa kazi ghafla. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwa figo. Lakini nani atasema mbele ya foleni ya madereva kwamba anatumia ARV? Hana haja ya kusema. Inatosha kumwambia muuzaji kwamba anatumia dawa ya kila siku inayopita kwenye figo.

Figo hazilalamiki mapema. Miguu ikianza kuvimba, mara nyingi muda umeshapita. Njia ya kujua ni kupima kreatinini katika damu na protini katika mkojo. Kazi ya figo ikishuka chini ya mililita 50 kwa dakika, kwa kawaida daktari hutafuta dawa nyingine badala ya tenofoviri.

Hapo ndipo mpaka unapoleta shida. Dolutegraviri hupandisha kreatinini kidogo katika wiki za mwanzo bila kuumiza figo. Daktari wa Kampala asiyeona majibu ya zamani ya Mwanza anaweza kubadilisha dawa bila sababu, au akaona namba ya kawaida kumbe imekuwa ikipanda mwaka mzima. Utaratibu wa kutoa dawa za miezi mitatu au sita umewasaidia sana wasafiri, lakini ndugu anapokwenda kuchukua chupa, damu ya mwenye dawa haipimwi.

Mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 118, unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya. Katika mpango wa vituo vya umahiri, Kenya ilipewa figo, na taasisi yake iko Nairobi. Ni hatua njema, ila taasisi ya rufaa haimfikii mama wa Mutukula kabla figo hazijaharibika. Vituo vya pamoja vya mpakani, ambavyo tayari vinawaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, viwe na zahanati inayopima kreatinini na mkojo. Mawaziri wa afya wakubaliane kadi moja, isiyo na jina la ugonjwa juu yake, yenye majibu ya mwisho, tarehe na dawa zinazotumika, na ipokelewe kila upande.

Wakati mawaziri hawajakaa, mfanyabiashara aombe kliniki yake imwandikie namba hiyo na tarehe yake kwenye karatasi, na aiweke pale anapoweka cheti cha mahindi.