Tusizike redio kabla ya kuifungua

Kwetu Buhigwe, redio ya mbao ikigoma kushika stesheni haitupwi. Fundi anabakiza kasha, spika na kikuza sauti, anaunga saketi ndogo ya bluetooth na fleshi kwenye kitasa cha sauti, basi, inaimba tena. Ulaya na Marekani, wapenzi wa ndege ndogo za rimoti hufanya hivyohivyo: rimoti ya miaka ya 1970 inabaki na vijiti vyake, ndani inawekwa kompyuta ndogo na kirusha mawimbi cha GHz 2.4. Kitasa kile na vijiti hivi ni ndugu: vyote huendesha potenshiometa.

Sasa sisi wa chuo je? Projekti ya mwaka wa mwisho ni kuagiza moduli, kukopi programu ya mtu, kuprezenti, kusahau. Mimi nasema idara za uhandisi zikubali kufufua kifaa cha zamani kama projekti kamili, na fundi wa sokoni aitwe kuikagua. Anayejua pa kuunga kipya kwenye cha zamani ameelewa vyote viwili. Anayenunua tu ameelewa bei.