Motokaa Sita katika Mfereji Mmoja

Baba mmoja wa Lubutu ametuletea neno ambalo, twadhani, lawahusu wazazi wengi wa Maniema. Asema mwanawe mwenye miaka 12 hutumia kila Jumapili alasiri pamoja na wenzake kushindanisha vigari vya waya kando ya barabara kuu. Jumapili moja walipigana, hata mmoja akapasuka mdomo. Basi baba huyo amekitwaa kigari cha mwanawe na kukiweka juu ya dari, akingoja shauri letu kabla ya kukitia motoni. Tena aongeza jambo la pili. Mdogo wake akaaye Kisangani amemwonyesha katika simu picha za wanaume wa Ulaya, wenye mvi na miwani, wameizunguka meza kubwa wakiendesha vigari vidogo kuliko vile vya watoto wake. Atuuliza: je, watu wazima wale wana akili timamu? Na kama wanazo, kwa nini yeye amkataze mtoto?

Kigari kisitiwe motoni, Bwana. Kishushwe hata leo, maana magurudumu ya soli za ndara hukauka na kupasuka karibu na moshi wa jikoni. Kwa habari ya ugomvi tutasema hapa chini, lakini yatupasa kuanza na wale wenye mvi, kwa kuwa dawa ya ugomvi ule tumeiona kwao.

Mchezo wao si wa jana. Mnamo mwaka 1912 kiwanda cha Lionel katika Marekani kilikuwa kikiuza vigari vya umeme vyenye kukimbia juu ya reli zao. Lakini mchezo tunaouona leo ulipata umbo lake katika Uingereza. Fundi mmoja jina lake Fred Francis alikuwa akitengeneza tangu mwaka 1952 vigari vya bati vilivyoitwa Scalex, vyenye mashine ya springi ndani yake. Kigari cha springi, kama kila mtoto ajuavyo, huenda kinakotaka na kusimama kinapotaka. Francis akatia mota ndogo ya umeme ndani ya bati, akaifanyia njia mfereji, na mwezi wa Januari 1957 akauonyesha mchezo wake katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate. Akauita Scalextric.

Kazi yake ni hii. Njia hujengwa kwa vipande vya plastiki, au kwa mbao. Ndani yake hupita mfereji mwembamba, na kando zake mbili zimelazwa reli nyembamba za chuma zenye umeme. Chini ya pua ya kigari pana ulimi unaoingia mferejini, pamoja na vifagio viwili vya nyuzi za shaba, navyo huigusa reli na kuuchukua umeme. Dereva hana usukani. Ameshika mkononi kidude chenye kifyatuo: akikibana sana, umeme huzidi, akikilegeza, hupungua. Huo ndio uendeshaji wote. Lakini asiyeujua asiucheke, kwani kigari kikifika konani kwa haraka mno, ulimi huchomoka na kigari hubingirika hata chini ya meza. Ushindi wote umo katika kujua wakati wa kulegeza mkono.

Kwa miaka karibu 50 kila dereva alikuwa na mfereji wake mwenyewe. Wawili wakishindana, kila mmoja alikaa katika njia yake tangu mwanzo hata mwisho, wala hakuna aliyeweza kumzuia mwenzake. Akianguka, kosa lake mwenyewe. Kisha mwaka 2004 wenye Scalextric walileta mtindo uitwao wa dijitali, na viwanda vingine vikawa na mitindo yao. Katika mtindo huu umeme wa njia ni wa wote, na ndani ya kila kigari mna kidude kidogo chenye kusikia amri ya dereva wake tu, kama vile watoto sita walio uwanjani pamoja, na kila mmoja huitika jina lake. Kwa hiyo motokaa sita zaweza kufuatana katika mfereji mmoja. Dereva akitaka kumpita aliye mbele hubonyeza kitufe. Nuru isiyoonekana kwa macho hutoka chini ya kigari na kuiamuru njia, ulimi wa njia hugeuka, na kigari huingia mfereji wa pili. Waliopata kuitazama reli pale Kindu wajua jinsi garimoshi linavyotolewa katika njia moja kuingizwa katika nyingine. Jambo ni lile lile, ila hapa mgeuza njia ni dereva mwenyewe, naye hapewi nafasi ya kufikiri mara mbili.

Basi hapo ndipo taabu ilipoanza. Zamani mshindani mbaya alijidhuru mwenyewe. Sasa aweza kumgonga wa mbele kwa nyuma, au kumkatia njia anapohama mfereji, na gari lililoumia si la mkosaji.

Watu wa Lubutu hawana haja ya kufundishwa jambo hili kwa vigari. Barabara yao, itokayo Kisangani kupita Lubutu na Walikale hata Bukavu, imewafundisha. Pale ambapo lami haipo au imekwisha, mvua ikizidi, magurudumu ya malori huchimba mifereji miwili katika tope, na lori likiingia humo halina hiari tena: litakwenda mfereji unakokwenda. Yakikutana mawili uso kwa uso, mmoja hana budi kurudi nyuma, na kabla ya kurudi kuna maneno mengi. Msukuma baiskeli mwenye madumu ya mawese huteremka kando na kungoja, matope magotini. Katika miaka ya vita, barabara ilipoharibika na malori yakaadimika, wasukuma baiskeli ndio waliopeleka chumvi na sabuni mbali ndani ya msitu. Watu hao walijua kupishana. Asiyejua kupishana alilala njiani pamoja na mzigo wake.

Tuitazame sasa siku ya mashindano katika chama cha mchezo huo, maana vyama hivyo ni vingi katika Uingereza, Ujerumani, Hispania na kwingineko. Asubuhi wanachama hujenga njia, hupangusa vumbi relini, husafisha matairi ya vigari ili yashike vizuri. Kisha magari hukaguliwa: upana, uzito, mota, magurudumu. Vyama vingi hukataza ile sumaku ndogo iwekwayo chini ya kigari ili kukigandamiza njiani, kwa kuwa yenye sumaku hukimbia konani hata dereva akiwa mzembe. Hufuata mazoezi, halafu raundi zenyewe, dakika chache kila moja. Kompyuta huhesabu mizunguko, tena katika mtindo wa dijitali huweza kuhesabu hata petroli ya kujifanyia tu: dereva aliyekimbia mno hana budi kuingia kituoni na kusimama, la sivyo gari lake hupungua mwendo mbele ya macho ya wote. Tumecheka tuliposoma habari hiyo. Kumbe hata mezani petroli huisha!

Lakini lililotushika ni jambo jingine. Kigari kikianguka, mwenyewe haruhusiwi kukimbia kukiinua. Kila konani amesimama mtu, na kazi yake ni kuinua vigari vya wengine na kuvirudisha mferejini. Na mtu huyo si mtumishi wa kuajiriwa, wala si mtoto aliyekosa gari. Ni mshindani kama wao. Aliyemaliza raundi yake huweka kidude chake mezani na kwenda kusimama konani, naye aliyekuwa konani huja kukimbia. Bingwa wa mwaka jana huinama chini ya meza kulitafuta gari la mtu aliyejiunga wiki iliyopita. Tena, vigari viwili vikigongana, katika vyama vingi sharti ni kwamba kile kilichogongwa hurudishwa kwanza, na mkosaji hungoja zamu yake. Asiyekwenda konani kwa zamu yake hupunguziwa mizunguko, au hufutwa kabisa katika hesabu ya siku hiyo.

Hatusemi ya kwamba watu hao hawagombani. Wanagombana sana, na baadhi yao hununa hata wiki mbili. Lakini ni vigumu kumtukana mtu ambaye baada ya dakika tano utamtegemea aliinue gari lako.

Sasa turudi kwa vigari vya waya, ambavyo kwetu sisi vina heshima kubwa kuliko vile vya mezani. Kigari cha mezani hutoka dukani ndani ya sanduku, na bila umeme hakisogei hata kidole kimoja. Kigari cha waya hutoka kichwani mwa mtoto. Tazameni jinsi anavyokifanya. Hukunja waya kuwa fremu, huzungusha nyuzi nyembamba kwenye viungo, hukata magurudumu katika soli ya ndara au huyafanya kwa vifuniko vya chupa. Kisha hutia mti mrefu, na juu yake usukani wa waya. Ekseli ya mbele hugeuka anapougeuza usukani, naye akikimbia nyuma. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Ameliona lori lililokwama mbele ya nyumba yao siku tatu, akalala kifudifudi kutazama chini yake, na fundi wa lori akamfukuza mara nne. Baba wa kutia motoni kazi kama hiyo amechoma daftari la shule.

Ugomvi je? Twamwuliza baba huyo: watoto wakishindana, nani husimama konani? Hapana mtu. Wote hukimbia pamoja, wakubwa huwagonga wadogo, gurudumu la mtoto likichomoka hubaki peke yake nyuma akilia, na kila mmoja hujihesabia mizunguko yake. Hata maaskofu wangepigana. Basi wapangwe wakimbie watatu watatu, na waliobaki wasimame konani. Mkubwa aliyegonga asimame mpaka mdogo atengenezewe gurudumu lake. Huyo mwenye nguvu aliyempasua mwenzake mdomo asifukuzwe mchezoni. Na apewe kona iliyo mbaya kuliko zote, pale ambapo vigari huanguka kila mara, ainue vya watu alasiri nzima. Na wazazi wasiende kuamua wao kila neno. Baba akae kando, ikiwezekana na babu mmoja mwenye sauti nzito, wala asinyanyuke kitini ila damu ikionekana.

Yako mambo mawili ambayo baba hakutuuliza, nasi tutayasema hata hivyo. La kwanza ni waya. Tumesikia mara nyingi habari za spoku zilizotoweka katika gurudumu la baiskeli ambayo ndiyo chakula cha nyumba, na mama kukosa kamba ya waya ya kuanikia nguo. Mtoto asichapwe kabla ya kuulizwa aliomba wapi akanyimwa. Spoku zilizokatika, waya uliofunga mizigo, kopo la samaki: vyote hivyo vyaweza kuwekwa katika kikapu kimoja kuwa mali ya watoto, na kilicho nje ya kikapu kisiguswe.

La pili ni barabara yenyewe. Wako wazazi wa Lubutu walioiona barabara hiyo, pale Tingi-Tingi, ikiwa uwanja wa kutua ndege mwishoni mwa mwaka 1996 na mwanzoni mwa 1997, kambi ya wakimbizi wa Rwanda ikiwa imejaa njaa na vifo kandokando yake. Twafahamu kwamba kuwaona watoto mahali hapo na vigari vya waya kwaweza kumfurahisha mzazi hata asiwe na moyo wa kuwakataza. Lakini pikipiki hazina huruma, na lori lenye breki mbovu haliwezi kumkwepa mtoto anayekimbia kinyumenyume akitazama gurudumu lake. Jembe moja na saa mbili za kazi zatosha kuchimba njia nyuma ya nyumba: upana wa hatua mbili, kona tano au sita, kilima kimoja cha udongo, na mahali pawili pa kupishana. Watoto wachimbe, baba aelekeze. Au watoto waelekeze, baba achimbe, kama atakavyoona nyumbani mwake.

Na mabinti wa nyumba hiyo, wako wapi Jumapili alasiri? Twadhani wako mtoni na madumu. Nao wapewe zamu.

Imebaki hesabu ya mizunguko, maana kompyuta hatuna. Hapo mtoto mdogo kuliko wote, asiyeweza kukimbia, aketi mwanzo wa njia na vibakuli vitatu mbele yake, kila kimoja cha gari moja, na mahindi mkono mmoja. Gari likipita, punje moja bakulini. Washindani wasiruhusiwe kusema naye wakati wa mbio, wala kumpa embe kabla yake. Mchezo ukiisha punje zihesabiwe mbele ya wote, na kuku wafungiwe mbali.