Klachi Ngumu Haiongezi Uwezo wa Kuvuta Tela

Mwenye pikapu ya gia za mkono akienda gereji kuulizia namna ya kuvuta tela zito zaidi, mara nyingi jibu la kwanza ni moja: funga klachi ya hevi duti. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na ndani yake mna ukweli kidogo. Ukweli huo kidogo ndio unaofanya watu waukubali wote na kuongeza matofali, mahindi na ng'ombe kwenye tela ambalo gari halikuundwa kulivuta. Kwa hiyo nitazijibu hoja zake moja baada ya nyingine.

Wanasema klachi ngumu huongeza nguvu ya kuvuta. Klachi haizalishi nguvu, inapitisha tu. Diski yake hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti, na uwezo wake wa kushika hutokana na ukali wa springi, upana wa diski na msuguano wa laini zake. Kiwandani huachiwa akiba, yaani hushika zaidi ya toki kubwa kabisa ambayo injini inaweza kutoa. Chukua Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.8 yenye gia za mkono, ambayo injini yake hutoa nyutoni-mita 420. Klachi nzima ikishika bila kuteleza, giaboksi inapokea 420. Ukiitoa ukaweka nyingine inayoweza kushika 800, giaboksi inapokea 420 zilezile. Anayetaka nguvu zaidi kwenye matairi aizungumzie injini, au uwiano wa gia za difu.

"Mbona yangu ilipobadilishwa gari lilianza kuvuta?" Lilianza kuvuta kwa sababu ya zamani ilikuwa imeisha na inateleza. Kuijaribu ni rahisi: weka gia ya nne ukiwa mwendo mdogo, kisha kanyaga mafuta. Mlio wa injini ukipanda huku gari likibaki na mwendo uleule, nguvu inapotelea kwenye klachi. Mpya hurudisha kilichopotea, nayo ya kawaida ingekirudisha vilevile.

Hoja ya kuungua ina uzito zaidi. Kila aliyepanda Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, anajua lori likikwama mbele msururu mzima husimama mlimani. Kuondoka pale na tela nyuma ndipo klachi inaponuka. Watu husema: kama inaungua, basi ni dhaifu, na ikiwa ngumu mzigo utapanda.

Tuangalie joto hilo linatoka wapi. Gari likianza kutembea, flaiwili inazunguka haraka kuliko diski, na mpaka zilingane mwendo lazima kuwe na kuteleza. Kwenye tambarare, joto linalobaki kwenye klachi wakati huo linakaribiana na nishati ya mwendo ambayo gari na tela vimepata. Uzito ukiwa mara mbili, joto nalo ni mara mbili, hata klachi iwe ya bei gani. Mlimani huongezeka kazi ya kupambana na mteremko kwa kila sekunde unayoshikilia hafu klachi. Klachi bora inaweza kuvumilia joto hilo muda mrefu zaidi, na hilo ni jambo jema kwa mwenye kuvuta kila siku. Lakini uvumilivu wa klachi ni kitu kimoja, na uwezo wa gari zima ni kitu kingine.

Tena zile zinazouzwa kwa sifa kubwa, zenye vipande vichache vya serameti badala ya laini ya mviringo mzima, hushika ghafla. Dereva anayetaka kuondoka taratibu na tela hupata gari linaloruka na kutetemeka, na kila mruko unapiga giaboksi, propela na difu. Springi kali nazo hufanya pedali kuwa nzito na kuongeza kazi ya rilizi beringi. Kwa kuvuta tela mlimani, ninaiona serameti kuwa chaguo baya. Joto hupunguzwa na gia. Hilux ya kuvuta matairi manne ina gia nzito inayopunguza mwendo kwa takriban mara 2.57, na kwenye barabara ya udongo kuondoka nayo huipunguzia klachi adha kuliko presha pleti yoyote ya dukani.

Sasa hoja iliyo nzito kuliko zote, ambayo wengi wanaonijibu huiweka mwisho: viwanda vyenyewe huyapa magari ya gia za mkono kiwango kidogo cha kuvuta, na sababu ni klachi. Kuna mfano unaowaunga mkono. Marekani, Jeep Gladiator Rubicon ya injini ya petroli ya lita 3.6 ilipotoka, ya otomatiki iliruhusiwa kuvuta kilo 3,175 hivi, na ya gia za mkono kama kilo 2,040, injini ikiwa ileile. Mwaka 2020 kampuni iliyaita magari ya gia za mkono kwa matengenezo, kwa sababu presha pleti ingeweza kupata joto kupita kiasi na kuvunjika. Sitaki kulipita jambo hilo juujuu. Kwenye gari kama hilo, klachi ni sehemu dhaifu kweli.

Lakini utaratibu wa Marekani wa kupima kuvuta, unaoitwa SAE J2807, haupimi klachi peke yake. Gari na tela lake huondoka mara tano ndani ya dakika tano kwenye mwinuko wa asilimia 12, kisha hufanya hivyo kwa kurudi nyuma. Hupandishwa mlima wa Davis Dam, Arizona, kwenye joto kali na kiyoyozi kikiwaka. Hupimwa uthabiti, breki na ndoano ya nyuma. Namba inayotoka ni ya kile kitakachoshindwa kwanza. Ukiimarisha hicho, udhaifu unahamia kwa kinachofuata, na kwenye gari lako hakuna aliyepima kinachofuata ni kipi.

Halafu kuna mfano unaokwenda kinyume kabisa. Hilux ya 2.8 ilipoingia Australia mwaka 2015, ya gia za mkono yenye nyutoni-mita 420 iliruhusiwa kuvuta kilo 3,500, na ya otomatiki yenye 450 ikaishia kilo 3,200. Lenye toki ndogo ndilo lililopewa tela kubwa.

"Mimi navuta tani nne na halijanisumbua." Chesisi hupasuka polepole, na beringi za ekseli hufa polepole. Sina zaidi la kusema hapo.

Kuna wanaodai klachi ngumu husaidia kushuka, kwa kuwa inashika vizuri unapotumia gia kuzuia mwendo. Injini inapozuia gari, toki inayopita kwenye klachi ni ndogo kuliko wakati wa kupanda kwa nguvu zote, kwa hiyo klachi nzima ya kawaida inaimudu. Shida ya kushuka iko kwenye breki. Pikapu ya tani mbili na tela la tani tatu zikiteremka mita 300 za kimo, zinaachia takriban megajuli 14.7. Hilo ni joto la kutosha kuchemsha lita 40 za maji kutoka ubaridi wa kawaida, nalo linagawanywa na injini, upepo, matairi na breki. Kama tela halina breki zake, sehemu yote ya breki inabaki kwa diski na ngoma za pikapu. Ndiyo maana Hilux hiyohiyo ya kilo 3,500 huruhusiwa kilo 750 tu pale tela lisipokuwa na breki. Tofauti hiyo ya karibu mara tano inaletwa na breki za tela, na ndiyo ninayotamani kila mwenye gari aifahamu, kwa ajili yake, kwa ajili ya utingo wake, na kwa ajili ya wanaokuja mbele yao barabarani.

Na aliyechipu injini yake ikatoa toki zaidi? Huyo anahitaji klachi yenye mbano mkubwa, maana ya awali itateleza. Atapanda haraka zaidi, lakini uzito alioandikiwa unabaki uleule.

Kama klachi yako imeisha na unavuta tela ndani ya kiwango, funga ya laini ya mviringo mzima kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, badilisha na rilizi beringi kwa mkupuo mmoja, na uso wa flaiwili ukaguliwe kabla giaboksi haijarudishwa. Tofauti ya bei kati ya hiyo na ile ya serameti ipeleke kwenye breki za tela.