Mantra Saba za Staa na Tasbihi Moja ya Bibi wa Newala

Mdada mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, mzaliwa wa Newala na mkazi wa Dar es Salaam, amekula povu la kutosha mwezi huu. Kosa lake? Alijirekodi alfajiri akiwa amekaa kwenye mkeka, macho kafumba, anarudiarudia maneno ya Kisanskriti. Chini ya video akaandika kwamba hiyo ni mantra yake ya Jumatatu. Jumanne akaja na nyingine. Kufika Jumapili alikuwa nazo saba, zote kanunua kwa mwalimu wa mtandaoni, kila moja na bei yake.

Kilichofuata kila mtu anakijua. Wa kwanza wakasema anatafuta kiki. Wa pili wakasema kaingia Freemason. Wa tatu wakacheka tu: Mmakonde na Om, wapi na wapi? Hayo yote yangepita, maana mjini povu la Jumatatu likifika Ijumaa limeshakauka. Ambacho hakikupita ni simu ya Newala. Walio karibu na familia wanasema mama yake mzazi aliiona ile video kwenye simu ya jirani, na tangu siku hiyo binti akipiga, simu inaita mpaka inakatika.

Hapo ndipo habari hii inapoacha kuwa umbea. Mdada huyu hakuanza mambo haya kwa starehe. Ndoa yake ilivunjika mwaka jana, na usingizi ukaondoka pamoja na mume. Wanaofanya naye mazoezi wanajua anavyofika studio macho mekundu. Mtu aliyekosa usingizi kwa miezi atashika chochote kinachoelea. Na alichokishika kina ukweli ndani yake, ila namna alivyokishika ndiyo yenye kasoro.

Kwanza apewe haki yake. Kurudia neno moja ili kutuliza akili si mazingaombwe. Mwaka 1975 daktari wa Marekani, Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu kilichoeleza jambo hilo kwa lugha ya hospitali: kaa kimya, legeza mwili, rudia neno moja kila unapotoa pumzi, na mawazo mengine yakija usigombane nayo, rudi tu kwenye neno. Dakika 10 hadi 20 zinatosha. Mwaka 2001 watafiti wa Italia wakachapisha matokeo yao kwenye jarida la madaktari la Uingereza. Waliwachukua watu wazima 23 wenye afya, wakawapima wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakirudia mantra ya Wabudha wa Tibet. Majibu yalifanana. Pumzi zilishuka mpaka kama sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta 12 au zaidi, na moyo nao ukafuata mwendo huo wa taratibu.

Rozari na mantra, mwili uleule, jibu lilelile. Anayemwita mdada huyu Freemason kwa sababu ya kurudia neno, itabidi awaite hivyo na akina mama wote wa Jumuiya wanaoshika rozari jioni.

Lakini mama wa Newala naye asidharauliwe. Yale maneno yana wenyewe. Mantra nyingi ni sala, na nyingine ni majina ya miungu, yamebebwa na Wahindu na Wabudha kwa karne na karne. Si mashetani, na wala si manukato ya kujipulizia Jumatatu na kubadili Jumanne. Mama anayemsikia mwanawe akiliita jina asilolijua ana haki ya kuuliza, "Mwanangu, unamwita nani?" Binti alipoulizwa swali hilo na shabiki mmoja, alijibu kwamba maana haina umuhimu, cha muhimu ni mtetemo wa sauti. Jibu hilo haliwatendei haki wenye maneno yao, wala halimtulizi mama.

Cha kusikitisha ni kwamba kitu alichokinunua kwa bei ya Dar kimejaa tele kwao. Mtu akitoka Mtwara au Lindi kwenda Masasi anapita Ndanda, kwenye abasia ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1906. Watawa wale huimba zaburi mara kadhaa kwa siku. Baba wa utawa wao, Mtakatifu Benedikto, aliagiza wasomewe maandishi ya mmonaki wa zamani aitwaye Yohane Kasiano, na huyo Kasiano, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, alifundisha kushika mstari mmoja mfupi wa zaburi na kuurudia ukilala, ukiamka, ukila, ukisafiri. Katika karne ya 20, Mwingereza John Main alijifunza kutafakari kwa mantra kutoka kwa swami mmoja wa Kihindu huko Malaya, kisha akawa mtawa wa Kibenediktini. Alipokuja kumsoma Kasiano akakuta elimu ile ilikuwa nyumbani kwake muda wote. Aliowafundisha aliwapa neno moja la Kiaramu, maranatha, na akasisitiza wasilibadilishe.

Upande wa Waislamu, ndiko alikozaliwa mdada wetu, ni vilevile. Twarika za Kadiria na Shadhilia zilienea kusini kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zikitokea Zanzibar, Komoro na miji ya pwani kama Kilwa na Lindi, na zikapanda mpaka bara. Zilikuja na dhikiri: neno moja, pumzi moja, linarudiwa mpaka kifua chenyewe kinalijua. Kweli, Waislamu wenyewe wamebishana sana kuhusu dhikiri za kusimama na kuhema, na wapo wanaozikataa mpaka leo. Ila mzee aliyekaa peke yake baada ya swala, anahesabu tasbihi kimya kimya, ni nani wa kumnyooshea kidole?

Na wanaosema kitu cha watu wengine hakiguswi kabisa, Masasi ilishalijibu swali hilo zamani. Wamisionari wa UMCA walifika pale mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, alikataa kuifuta jando. Yeye na mapadri Waafrika waliichukua, wakaacha umbo lake, wakatia ndani sala na mafundisho ya imani yao. Haikuwa kazi laini, na unyago wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi kuugeuza kuliko jando ya wavulana. Lakini funzo lilibaki: umbo unaweza kulipokea kutoka kwa jirani, ila ujue unachotia ndani yake.

Mdada huyu alifanya kinyume. Alichukua umbo, akachukua na maneno, wala hakuuliza maana ya chochote. Kisha akaongeza kosa ambalo walimu wengi wa kutafakari wangemkataza: akabadilisha neno kila siku. Neno halifanyi kazi kwa upya wake. Linafanya kazi kwa kuchosha. Wiki ya kwanza linapendeza, ya tatu linaboa, na pale linapoboa ndipo akili inapotafuta pa kukimbilia na kukosa. Ukibadilisha neno kila linapoanza kuboa, hujawahi kufika ulikokuwa unakwenda. Na ukiweka kamera mbele, nusu ya akili inaangalia kama shingo imekaa vizuri.

Msimu wa korosho ulipoanza, staa aliamua kwenda Newala bila kupiga tena simu. Majirani wanasimulia kwamba alimkuta bibi yake mzaa mama barazani, anachambua korosho, nzuri huku, mbovu kule, midomo inacheza. Akamwamkia, "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia marahaba na kuendelea kuchambua. Baadaye, binti alipoeleza habari za mantra zake, bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Mjukuu wangu, hilo neno la leo. La jana uliliacha kwa sababu gani?"

Binti hakuwa na jibu. Bibi yeye ana Astaghfirullah. Alikuwa nayo tangu wakati wanawake wa uwandani wakishuka bondeni kutafuta maji, ndoo kichwani, kupanda kwenye ukingo ule ule ambao watalii leo wanakwenda kupiga picha Shimo la Mungu. Neno moja kwa hatua moja. Amezikia nalo mume na watoto wawili. Hajawahi kuliita meditesheni, na hakuna aliyemlipa wala kumpigia makofi.

Kuna jambo lisemwe wazi hapa, kwa sababu mashabiki wengi wa mdada huyu ni vijana na wameanza kumuiga. Neno la kurudia si dawa ya kila kitu. Mtu anayekosa usingizi kwa miezi, anayelia bila sababu au anayeona bora asiamke, aende hospitali akamwone daktari. Tasbihi, rozari au mantra vinaweza kumsindikiza njiani, havichukui nafasi ya matibabu. Mwalimu wa mtandaoni anayesema vinginevyo anauza tu.

Kwa anayetaka kuanza, hakuna cha kununua. Achague neno moja analolijua maana yake na analoweza kulitamka mbele ya mama yake bila kuona aibu. Benson mwenyewe baadaye aliandika kwamba neno lenye mizizi katika imani ya mtu lina nguvu ya ziada. Asiye na dini achague neno la kawaida, amani au tulia. Akae nalo dakika 10, simu ikiwa chumba kingine. Kesho neno lilelile, na mwakani neno lilelile.

Staa wa Newala hajapandisha video ya alfajiri kwa wiki tatu sasa. Mashabiki wanauliza kama ameacha. Walio karibu naye wanasema hajaacha, ila amebakiwa na neno moja, na hamwambii mtu ni lipi. Usingizi bado haujarudi wote. Ila juzi alipopiga simu Newala, mama alipokea. Hakugusa habari ya video wala mantra. Aliuliza tu, "Umekula, mwanangu?"