SOKO LA KAMBA: ULIZA SINGA, SI UNENE

Mwenye duka wa Isevya anapoagiza kamba huuliza bei, kisha unene. Maswali hayo mawili hayatoshi, na anayelipia upungufu huo ni mteja wake, hasa mkulima wa tumbaku.

Nguvu ya kamba ya mkonge hutokana na singa, yaani nyuzi za jani. Singa moja ina urefu wa kama mita 1 tu, hivyo katika kamba ya mita 100 hakuna hata moja inayofika kutoka mwanzo hadi mwisho. Zinashikiliwa na msokoto na msuguano. Singa ndefu hukamatana vizuri. Fupi huchomoka mzigo unapovuta. Ndiyo sababu mkonge hupangwa madaraja kwa urefu, usafi na rangi, na daraja la kwanza hudai sentimita 90 au zaidi. Kamba ya singa fupi yaweza kuwa nene na nafuu, kisha ikakatikia njiani.

Mshindani wake ni kamba ya plastiki, ambayo wengi tunaiita manila, ingawa manila halisi ni nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba kutoka Ufilipino. Tuseme haki: kwa unene ule ule, kamba mpya ya polipropilini huhimili karibu mara mbili ya mkonge, wala haiozi. Ilichangia kuporomosha zao letu lililofikia zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964. Lakini jua huichakaza ikamegeka, na kwa kuwa ni laini, fundo lake huteleza. Mkonge hushika fundo, ila ukihifadhiwa na unyevu huoza.

Kwa Tabora, hesabu kubwa ni ya tumbaku. Kipande cha uzi wa plastiki kikibaki ndani ya robota huhesabiwa uchafu, na mnunuzi aweza kulikataa. Shilingi chache zilizookolewa kwenye uzi hula mapato ya robota zima.

Kwa hiyo wenye maduka watenganishe bidhaa: plastiki kwa wachota maji, mkonge kwa wakulima wa tumbaku. Muuzaji wa jumla aandike daraja la mkonge kwenye ankara. Nawe mnunuzi, fumua ncha ya kamba kabla ya kulipa, uchomoe singa chache. Zikiwa nyingi hazifiki urefu wa mkono wako, dai bei ishuke au tafuta duka jingine.