Ankoro: Tuache kusingizia barabara, ni rulema zinazotuangusha

Wasikilizaji na wasomaji wetu, ujumbe ni uleule unaofika redioni: remorki imevunjika, mizigo imebaki porini, na mwenye remorki anasema "ni barabara". Mimi nimechoka na jibu hilo. Barabara ni mbaya, tumeisema hewani mpaka sauti imekauka. Lakini gurudumu halichomoki kwa sababu ya shimo peke yake. Mara nyingi rulema ilikufa zamani, na mwenyewe alijua.

Hivi karibuni, kwenye njia ya Manono, nilikuta mama mmoja mhami na watoto wake watatu kando ya remorki ya pikipiki iliyolala ubavu. Godoro, sufuria, nusu gunia la unga wa mihogo, ndiyo nyumba yao yote. Feza alikuwa amelipa mbele. Dereva amekwenda kutafuta rulema kijijini na jua linazama. Nilishika kitovu cha gurudumu, kikanichoma vidole. Ndani hamkuwa na grisi. Mlikuwa na mawese yaliyochanganyika na vumbi, meusi kama lami.

Mawese tuyaache kwenye sombe! Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni ya kiwandani ili yasitiririke. Mawese yakipata moto yanakuwa maji, yanatoka, na kinachobaki ni mchanga unaosaga gololi. Na kinachoniuma zaidi ni hiki: grisi nyingi duniani inatengenezwa kwa sabuni ya litiamu. Litiamu hiyo iko chini ya ardhi ya Manono, teritware yetu wenyewe, na sisi tunaweka mafuta ya kupikia kwenye magurudumu.

Wenye remorki wananijibu kwamba grisi ni feza nyingi. Basi rulema mpya ni bure? Na ekseli iliyoliwa, ambayo fundi lazima aijaze kwa kulehemu, ni bure? Anayelipa gharama hiyo si wao, ni yule mama anayelala porini na watoto.

Kuna kosa lingine ninaloliona kila siku kivukoni. Remorki inafika na moto wake, vijana wanaisukuma moja kwa moja ndani ya Lualaba waioshe. Kitovu chenye moto kikiingia maji baridi, hewa ya ndani inajikunja na kuvuta maji kupita kwenye mpira wa kuzuia vumbi. Kutu inaanza kimyakimya. Ngojeni kipoe kwanza, hata muda wa kula muhogo.

Kuhusu kununua, wauzaji wasituchezee. Rulema ina namba imeandikwa ubavuni. Chukua 6204: mbili za mwisho zidisha kwa tano, unapata tundu la milimita 20. Ile 6304 ina tundu hilohilo, lakini kwa nje ni 52 badala ya 47, ni nene zaidi, inabeba uzito mkubwa. Kwa hiyo haiingii kwenye kitovu cha 6204, na fundi anayekuambia "tutalazimisha" mkimbie. Ukiona 2RS, ina mpira pande zote mbili. ZZ ina bati. Bati linazuia mawe, maji halizuii. Kwa anayevuka mto, chagua mpira. Na ile iliyotolewa kwenye pikipiki kuukuu, ikasuguliwa na petroli mpaka ikang'aa, si mpya hata ikifungwa kwenye karatasi.

Kufunga nako kuna fundi na kuna muuaji. Rulema inayoingia kwenye kitovu inasukumwa kwa bomba linalogusa duara la nje. Ukipiga nyundo duara la ndani, gololi zinachimba alama, na siku ya kwanza tu gurudumu linaanza kuimba.

Mashirika yanayogawa mikokoteni kwa wahami nayo nayaambia: picha mmepiga, asante, lakini mkokoteni bila kopo la grisi na rulema za akiba ni mzigo mnaoutupa kwa maskini.

Wazazi wangu wahami, kabla ya kulipa, mwambieni dereva ainue gurudumu. Litikiseni juu na chini, likicheza, kataeni. Lizungusheni, sikilizeni kama linakwaruza. Mkiisha kutembea kidogo, msimamishe, mguse kitovu. Joto kidogo si neno. Kikichoma, shukeni na mdai feza yenu. Akikasirika, akasirike.

Kesho asubuhi nitakuwa kivukoni na kinasa sauti. Kila dereva atakayekubali nitikise gurudumu lake, nitamsalimia hewani saa ya jioni. Atakayekataa, nitamwuliza sababu, na sababu yake mtaisikia ninyi wote.